Kigoda cha Bosi Kirudi Mahali Pake

Wifi,

Nimempeleka Bosi zahanati akashonwe mdomo. Tutarudi kabla yule mtaalamu wa watoto wenye mtindio wa ubongo hajafika saa tisa. Tafadhali rudisha kigoda katikati ya sebule. Benchi likae palepale karibu na mlango wa jikoni. Mkeka mpya ukunje, unamnasa miguu.

Najua ulidamka kupanga nyumba kwa nia njema, mgeni asitucheke. Inang'aa, sikatai. Lakini mwanangu hatembei hewani, wifi. Anashika kitanda, anashika kigoda, anashika benchi, mpaka anayafikia maji na kunywa mwenyewe. Leo asubuhi kanyoosha mkono kama kawaida yake, kigoda hakipo. Kaenda chini mzima mzima.

Mtaalamu haji kukagua vumbi! Anakuja kuona Bosi anavyojimudu nyumbani kwake. Ndiyo maana alikataa tukutane ofisini.

~~Na siku nyingine mikono ikikuwasha, kapange kwako.~~

Hapana, hilo ni la hasira. Ulione, ulisahau. Chai yako nimeifunika.

Kigoda usipokiona, kitafute uani. Kaka yako alikikalia akifunga viatu, na unamjua, hakumbuki kurudisha kitu.

Bosi hakulia, ujue. Nilipomwinua, damu inamchuruzika kidevuni, aliniuliza tu: "Mama, mgeni akiondoka, njia yangu itarudi?"

Nimemwambia ataikuta tukirudi.

Wifi yako