Mzigo wa Kuni Chini ya Kitanda Chako

Baba,

Salamu aleikum, ijapokuwa sijui kama salamu ya mtoto aliyekukosea inafika huko. Naandika mbio mbio kabla ya alasiri. Mdogo wangu Saida amepata usingizi kidogo, na akiamka atashika tena mgongo.

Tangu ututoke, makaa hayateremki mjini. Wachomaji wamekimbia vita vilimani kwao, na gunia moja likifika hapa Jabe linagombaniwa kabla halijashushwa. Mkata kuni wa nyumba sasa ni mimi. Cheka tu, najua unacheka. Mimi niliyekuwa nakubebea msumeno mpaka mtoni huku nanung'unika njia nzima!

Mdogo wangu tumbo limeshuka. Mumewe amekwama Uvira, njia imefungwa. Mkunga amesema ni leo au kesho, na anataka maji ya moto tangu uchungu unapoanza, kisha ya kumkanda kila siku hadi arobaini zitimie. Siku arobaini, Baba, na mimi hata kuni za siku mbili sina.

Ndiyo maana jana nilikwenda mtoni Ntahangwa, kwenye ule mkaratusi ulioangushwa na mvua, ng'ambo ya bariyeri ya wanajeshi. Mwanajeshi akaniuliza, "Weye mama, unaenda wapi na musumeno?" Nikamwonyesha mti. Akaniruhusu, ila nirudi kabla ya saa kumi. Nikafunga mzigo wa matawi kwanza, hapo nilifanya vizuri. Kisha nikaingia kwenye gogo. Msumeno ulipofika katikati ukawa mzito, nikauacha humo humo, nikachukua panga na kulikata tawi la chini, lile ambalo gogo lilikuwa limeliegemea. Ulikuwa ukinipigia kelele kila mara, "Apana kata mukono wenye muti inalalia!" Nilikumbuka gogo lilipokwisha kushuka na kuuma msumeno wako. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Mwanajeshi akapiga mluzi, na nikarudi na mzigo mmoja tu. Msumeno wako umelala huko, na sijui kama nitaukuta.

Mzigo huo niliusukuma chini ya kitanda chako. Hapo hapo pa siku ile.

Sasa nikwambie. Mtaa mzima ulikuwa ukikuita Mzee Kuni. Palipokuwa na msiba, hata kabla hawajatuma mtu, ulikuwa umeshatua mzigo mlangoni pao, ili maiti wao asioshwe na maji baridi. Ilipokuja zamu yako, baada ya homa ya siku tatu na njia ya hospitali imefungwa, Maalim Idi aliyekuja kukuosha alisimama uani akaniuliza kama kuni ziko. Nikasema hakuna.

Zilikuwako. Mzigo mzima, chini ya kitanda ulichofia. Saida alikuwa hajala tangu jana yake, mimba ndiyo kwanza inamsumbua, na mimi nikafikiri maji ya maiti yatazimaliza zote. Ulikuwa ukipeleka kuni, hukuwa ukitueleza zinavyotumika, na mimi mwanamke sijawahi kusimama karibu wanaume wakioshana. Wakakuosha na maji ya mtungi. Kesho yake nikapika maharage, Baba, nikala na mimi. Hakuna anayejua. Naona aibu mpaka leo, na kila nikijimwagia maji asubuhi nakufikiria.

Leo saa nne ameaga Mzee Shabani, jirani yetu wa ukuta. Hawakutuma mtu, nani tena angetuma mtu kwetu kuomba kuni? Lakini kilio kilipita ukuta, na Saida akaamka na kunitazama. Maumivu yalikuwa yamemwanza. Alijua nawaza nini. "Dada, na zangu?" aliniuliza. Nikauvuta mzigo wote nikajitwika, nasema moyoni kwamba namuua ndugu yangu kwa ajili ya marehemu wa watu.

Maalim Idi alikuwa mlangoni kwao. Aliutazama mzigo, akanitazama mimi.

"Ayi, mutoto! Zote hizi za nini? Maji ya maiti apana ya kuchemuka, ni kutoa baridi tu. Tatu inatosha."

Akachomoa vijiti vitatu, vyembamba, akanirudishia mzigo kichwani. Nililia njiani watu wakadhani namlilia Mzee Shabani.

Vitatu, Baba. Maharage yangeiva, na wewe ungeoshwa vizuri.

Saida ameamka, nasikia ananiita. Sufuria iko motoni, mkunga yuko njiani. Kesho bariyeri ikifunguliwa nitarudi mtoni na panga, nichonge gogo kwa chini taratibu kama ulivyonionyesha, mpaka liuachie msumeno wako. Na katika kila mzigo nitakaobeba maisha yangu yote, vijiti vitatu nitaviweka kando kwa ajili ya yeyote wa mtaa huu atakayeitwa, na nitavifikisha mlangoni kabla hawajauliza.

Nisamehe baridi ile. Lala salama, Baba yangu.

Mwanao,
Mwajuma