Kipimo Kilichosoma Nukta Sita

Papa wangu mpendwa,

Kile kipimo chako cha umeme, chenye sindano na uso wa manjano, ulichotoka nacho Goma, nilitaka kukitupa Jumanne. Usinikasirikie kabla hujanisikiliza.

Unakumbuka nilivyorudi likizo ya kwanza kutoka shule ya ufundi? Nilijiona mtu. Nilikukuta kwenye kibanda chetu cha kuchaji betri, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaa mlangoni wakingojea betri za taa zao. Ulikuwa umeinamia betri ya Mzee Baraka, kapita, msimamizi wa mitumbwi, midomo yako ikihesabu bila sauti. Nikachungulia sindano: sifuri nukta sita. Nami, bila haya, nikapaza sauti: "Papa! Ampea nukta sita? Hiyo ni ya kuchaji simu!"

Wavuvi wakacheka. We ukafuta mikono kwa kile kitambaa chako cheusi, ukaniangalia. Ungeweza kunijibu. Ukasema tu, "Bon. Mutoto amesoma. Hii kipimo imezeeka sawa na mi." Ukakitundika msumarini, ukafunga kile kipimo kidogo kipya nilichokuletea kutoka shule. Nikakufundisha mbele yao: betri ya mtumbwi, ampea sita.

"Sita," ukaitikia, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Sawa, mwalimu."

Tangu hapo ukaniita mwalimu, hata ukiniomba chumvi mezani. Nami nilivyovimba kichwa, mama wee! Nilisimulia shule nzima jinsi nilivyomsahihisha baba yangu. Wala sikujiuliza hata siku moja betri zile zilikuwa zinajaaje miaka yote ile.

Jumanne, mara ya kwanza tangu tukuzike, nilipata moyo wa kusafisha kibanda. Nikasema, kabla sijakitupa kipimo chako, nikifunge mfululizo na kipimo changu kipya, mkondo mmoja upite kwenye vyote viwili, nione kinavyodanganya. Changu kikasoma sita. Chako, nukta sita. Nikapandisha: nane, na nukta nane. Nikashusha: tatu, na nukta tatu. Nikarudia tangu mwanzo, maana kitu kibovu hakikosei kwa nidhamu namna ile. Nikafuta vumbi kwenye kioo. Pale chini palikuwa na herufi mbili ndogo: Bi.

Biot, Papa. Kwenye kitabu chetu cha shule ilipewa mistari miwili: kizio cha zamani cha mkondo wa umeme, biot moja ni ampea kumi. Mwalimu aliuruka ukurasa ule, nami nikauruka pamoja naye. Palikuwa na kingine cha zamani, kidogo ajabu, ambacho karibu bilioni tatu ndizo zinafika ampea moja. Ungetumia hicho, ningekucheka mpaka wavuvi waanguke ziwani. Lakini we ulijua chako. Kila asubuhi ulizidisha kwa kumi kichwani, kama alivyokufundisha fundi wako wa zamani kule Goma. Ulikuwa unawapa sita siku zote, halafu mimi nikaja kukufundisha sita.

Nililia, sikufichi. Nililia nimekalia ndoo ya maji ya betri.

Jana wavuvi walipofika, nilikuwa nimekirudisha kipimo chako mahali pake. Nikawaambia wote, pale pale mlangoni: Papa hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, nikafanya watu wamcheke.

Mzee Baraka akaweka betri yake chini taratibu. "Binti, sisi tulijua," akasema. "Ile siku ulienda kula, tukamuuliza, Fundi, juu ya nini unakubali mutoto akucheke? Akasema, 'Mumuache. Nikimuaibisha leo mbele yenu, kesho hataniambia tena kitu chenye amesoma.'"

Na kweli, Papa, nilikuambia kila kitu. Mitihani, wachumba, hofu zangu zote, mpaka ile wiki ya mwisho hospitalini ulipokuwa unaniitikia kwa macho tu. Nilidhani ni tabia yangu ya kusema sana.

Hiki kimoja tu ndicho nimechelewa nacho: ulikuwa sawa. Leo sindano yako imesimama kwenye nukta sita, nami nimezidisha kwa kumi, kwa sauti, kila aliye mlangoni asikie.

Lala vema, Papa.

Binti yako, uliyemwita mwalimu