Mfuko wa Uloto wa Zuhura

Jumanne.

Bado nasikia kinyaa. Daktari aliagiza mfuko wa uloto, uliotolewa kwenye mifupa ya Zuhura kumponya kaka yake Jamali, utikiswe polepole, chembe zisituame na kufa kabla hazijamwingia. Muuguzi akakaa anakula karanga, anachekea simu. Nikaona wekundu umeshuka chini.

"Dada, zimetuama."

"Mama, umesomea wapi uuguzi?"

Nilishamzika binti yangu Salma kwa selimundu, ugonjwa huuhuu wa damu alio nao Jamali. Nikasimama, nikawa naulaza na kuuinua mfuko mwenyewe mpaka tone la mwisho, kama tunavyosuka kibuyu cha maziwa kwetu Busi. Salma alipenda kulamba siagi ya kwanza kidoleni mwangu.

Jamali akauliza, "Mama, za Zuhura zimeingia zote?"

Nikasema zote. Zilizoingia zikiwa hai ni ngapi, sijui.