Tumbo Ambalo Halikuguswa

Jumatano, jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na mtaa wetu wote wa Ngagara ni matope. Milipuko ya vita kule milimani imenyamaza leo, au labda mvua imeifunika, sijui. Nimekula maharage bila kusikia ladha yake. Mama ameniuliza mara mbili kama ninaumwa, nikamwambia nimechoka tu.

Sijachoka. Sina chochote ndani, basi.

Na nisijidanganye, hali hii haikuanza leo. Tangu tumzike kaka yangu mwaka jana, mimi ni kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akasahauliwa kwenye benchi. Wenzangu wanalia, mimi naangalia. Nadhani ndiyo sababu kazi ya hospitali haikunitisha. Hii ni wiki ya nne natembea nyuma ya Dokta Léonidas na kibao cha kuandikia: yeye anagusa wagonjwa na kusema anachokikuta, mimi naandika. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikatwa na vioo siku dirisha lake lilipopasuka, kalamu haishiki tena.

Mimi nilisomea ukatibu. Mashine ya kupiga chapa naijua, mwili wa mtu nilikuwa siujui kabisa. Nimejifunza kwamba mgonjwa anaandikwa kuanzia kichwani kushuka miguuni. Wekundu wa ndani ya kope una neno lake la Kifaransa, weupe una lake, umanjano una lake. Mapafu yanayokoroma si sawa na yanayopiga filimbi, na ole wako uyachanganye. Nilikariri maneno hayo nikiosha vyombo, mama akadhani nasali. Dokta anaongea haraka, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, na harudii. Siku ya kwanza alinipa sheria moja tu: asichokisema hajakigusa, nafasi yake niiache wazi.

Niiache wazi! Shuleni kwetu mstari mtupu ulikuwa unakukatia alama. Halafu karibu kila mgonjwa, tukifika tumboni, dokta anasema maneno yaleyale, *ventre souple*, yaani tumbo laini, halina neno. Mkono wangu ulizoea kuyaandika kabla hajafungua mdomo. Wiki iliyopita alisifu fishi zangu, yaani karatasi za wagonjwa, akasema ni safi kuliko za wauguzi. Nilifurahi, nafikiri.

Sasa niandike ya jana.

Jana asubuhi alikuja Mama Furaha, Mkongomani anayeuza makaa kule Gatumba. Alikuwa ameanguka na baiskeli iliyombeba yeye na gunia lake, na bega la kushoto lilikuwa linamuuma. Dokta aliuinua mkono wake, akaugeuza huku na huku, akasema hakuna mfupa uliovunjika. Hapohapo kamioneti iliyojaa majeruhi ikaingia uani, akatoka mbio. Nikabaki na fishi iliyoishia nusu.

Nikaimalizia mwenyewe. Moyo mzuri, mapafu mazuri, *ventre souple*.

Sikuona kwamba nadanganya. Niliona nasafisha karatasi. Dokta wa zamu ya mchana aliisoma, akaona kila kitu kimepimwa, akampa mama wa watu vidonge vya maumivu na kumwambia aende nyumbani.

Leo saa nne ndugu zake wamemrudisha wamembeba kwenye blanketi, midomo myeupe. Dokta Léonidas alimwekea mkono tumboni mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe haraka. Alisema bandama imepasuka na damu inajaa ndani, na kwamba bandama ikiumia, bega la kushoto ndilo linalolalamika. Mimi nilijua kuliandika hilo neno bandama bila kosa. Hilo la bega sikulijua.

Kisha akaomba fishi ya jana. Akaisoma, akamwita yule dokta wa mchana na kumuuliza mbele ya wauguzi wote kwa nini alimrudisha mtu huyu nyumbani. Mwenzake akaweka kidole kwenye mstari wangu na kujibu kwamba fishi ni ya Dokta Léonidas mwenyewe, na yeye ndiye aliyesema tumbo ni laini. Dokta Léonidas akaitazama tena fishi. Anaona watu wengi sana kwa siku, na jana ilikuwa ni damu mpaka mlangoni. Nilimwona anatafuta kichwani na hapati. Akanigeukia.

"Spès, jana nilimushika tumbo huyu mama?"

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. "Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Hakuna ambaye angejua. Wangesema tumbo lilikuwa laini jana na limebadilika usiku, mambo ya Mungu, na mimi ningebaki na kazi yangu.

"Apana, dokta. Mi niliandika tu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinishika mkono akauweka juu ya tumbo la Mama Furaha, akasema polepole, "Umeandika laini kila siku, na hujagusa tumbo hata moja. Gusa."

Lilikuwa gumu kama meza. Halikubonyea hata kidogo. Mama Furaha aliguna, nami nikaondoa vidole kana kwamba nimeshika jiko. Niliogopa. Mwaka mzima sijaogopa kitu, hata risasi zikipita juu ya bati, na leo niliogopa tumbo la mtu.

Mama Furaha aliniona nimevaa koti jeupe. Akanishika kidole kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima.

"Dokta, nitapona?"

"Utapona, mama," nikamjibu.

Akafumba macho, akatulia kabisa, wakamsukuma kwenye chumba cha upasuaji.

Mpaka saa kumi walikuwa hawajatoka naye, na ilibidi niondoke kabla barabara hazijafungwa. Kabla sijaondoka muuguzi aliniletea agizo la dokta kwamba nirekebishe fishi, niandike chini yake kuwa tumbo halikuguswa jana, kisha niweke jina langu. Nimeandika. Kesho nifike saa moja na nusu. Kufanya kazi au kuaga, hakusema.

Mama amelala. Nimekaa na daftari hili na ule mstari wa jana haunisumbui sana, nimeshaukiri na watu wamesikia. Kinachonisumbua ni "utapona." Dakika moja baada ya kusema kweli mbele ya chumba kizima nimefanya kosa lilelile, nimejaza nafasi ambayo sikujua ndani yake kuna nini, kwa sababu sikuweza kuiona tupu. Na yeye ameniamini.

Kesho nitapitia wodi ya wanawake kabla ya kwenda kwa dokta. Nikimkuta nitamwambia kwamba mimi si daktari, na kwamba aliyeandika tumbo lake ni laini ni mimi.

Nisipomkuta, maneno hayo nitamwambia nani?