Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Marangu, Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ukungu mzito na manyunyu.

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Hapa wote wazima, na ng'ombe amezaa dume. Unauliza kwa nini nilikufokea kwenye simu.

Mdogo wangu Ndeshi alipokuwa mzazi, siku chache baada ya kujifungua, alishikwa na homa. Kila mgeni aliyemletea mtori wa ndizi alimletea na vidonge viwili vitatu vya kuua bakteria vilivyobaki nyumbani kwake, naye Ndeshi akavimeza. Homa ikazidi, tukampeleka hospitali mjini. Wakaotesha bakteria wake kwenye sahani, wakaweka juu vipande vya karatasi vyenye dawa. Baada ya siku mbili mama wa maabara akanionyesha.

"Dawa ikifanya kazi, kandokando ya karatasi panabaki patupu. Tazama, dada, kwenye hizi zote bakteria wameota mpaka karatasini. Ni hii moja tu iliyowaweza."

Nikakimbia wodini na jina la dawa hiyo. Walikuwa wameshamfunika.

Juzi ukaniambia hospitalini unakofanya kazi mna mashine inayosaka jeni zinazowafanya bakteria wawe sugu kwa dawa, na jibu hutoka siku hiyo hiyo. Nikamshukuru Mungu. Halafu ukacheka: "Ila Bibi, tumeifunika kitambaa. Vitendanishi vya kupimia viliisha, hakuna aliyeagiza." Ukaendelea na habari za harusi!

Nimekasirika kwa sababu mmezoea kuiona imefunikwa. Ukishasoma barua hii, mwulize mkuu wako, mbele ya wenzako, ni nani anayepaswa kuagiza. Akikuambia usiwe na haraka, usimjibu kwa adabu niliyokufundisha.

Bibi yako.

Saa tano na robo usiku. Sasa nalala.