Mwambie Mdogo Wako Akae

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko? Goti lako linaendeleaje, na shemeji bado anakoroma? Mimi mwili mzima, ila kutulia situlii. Hata barua hii naiandika nikiinuka kila mara kuchungulia dirishani.

Kazi ipo. Fundi makochi alinipokea kwa sababu kushona vitambaa vya viti nilijifunza gerezani, na mkono wangu anausifu. Ananitania tu kwamba kila asubuhi nasimama nje ya karakana na mlango uko wazi. Juzi aliniuliza kama nasubiri tarumbeta. Nilicheka, lakini Dada, miguu haiendi mpaka mtu aseme ingia. Hata chakula, nikishapakuliwa, nangoja niambiwe nile.

Unakumbuka nilivyokuwa mbishi? Wizi wenyewe nilikwenda kwa ubishi wangu, sikutumwa na mtu. Hakimu akasema miaka sita itaninyoosha. Loo, imeninyoosha kweli! Ubishi wote umekwisha, hata ule wa kukataa mabaya.

Wiki iliyopita alikuja Ngedere, mfungwa mwenzangu aliyekuwa nyapara wa selo yetu. Alisema Jumamosi, fundi akishasafiri, nimfungulie karakana abebe vyerehani vyote. Hakunibembeleza wala hakunitisha. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kule ndani.

Sasa nikwambie ukweli. Nilisimama wima, mikono ubavuni, nikajibu ndiyo.

Funguo ninazo. Fundi alinikabidhi mwenyewe, akasema ananiamini kama mwanawe. Kila siku naapa nitakataa, najizoeza mbele ya kioo, hapana, hapana, kisha namwona Ngedere pale kwenye kona ya mtaa nami nasimama tena wima. Naona aibu, Dada, na naogopa sana. Kukupigia siwezi, maana simu niliyo nayo ni yake, aliniachia ili aniite.

Wewe ulinilea kwa sauti ambayo hata watoto wa jirani walinawa miguu ukiniita mimi. Basi njoo kabla ya Jumamosi. Usilete kitu, wala usinihubirie. Yeye akija akasema inuka, wewe sema kaa. Nitakaa.

Nisalimie shemeji na watoto, waambie mjomba wao anawakumbuka. Ukifika usipige hodi, ingia tu.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimwita Kichwa Kigumu.