Hatua Sitini Kutoka Mtoni

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mimi nilizaliwa na bahati, acha waseme! Wenzangu hapa kijijini Wema wanatafuta makaburi ya wazee wao miaka nenda miaka rudi. Mimi? Asubuhi moja. Nimeendesha lori hadi Juba na Goma bila pancha, sembuse kumtafuta mtu asiyehama!

Marehemu mjomba Caleb aliandika nyuma ya Biblia yake: Baba yetu Harrison, kijiji cha zamani, ng'ambo, hatua sitini kutoka mtoni. Kijiji kile kilihama kwa mafuriko mama akiwa msichana. Nikavuka kwa mtumbwi, nikahesabu kutoka ukingoni. Hamsini na nane, tisa, sitini — tuta! Jiwe kichwani, jiwe miguuni, ua wa miiba kulizunguka. Wazee walikuwa na mitindo yao. Nikafagia kwa tawi. Nikavua kofia. Utani wote ulinikauka.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia mama. Moyo wake umechoka, daktari wa Malindi amemkataza hata kubeba ndoo. Halafu akauliza kama ni pakavu, kama maji hayafiki. Nikamwambia pakavu, mama, kama sebule ya gavana. Hakucheka.

Anasema alikuwa na miaka saba. Watoto walifungiwa ndani siku ya mazishi, hakumuaga baba yake. Karibu miaka sabini!

"Sasa hata nikiitwa nitaitika, Jasper."

Akalia. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia mbuzi. Sina mbuzi.

Alhamisi, 4 Septemba

Msalaba tayari, HARRISON kwa rangi nyeupe. Akina mama wa kanisa wanafanya mazoezi ya nyimbo. Tunavuka Jumamosi. Hata dada Loise kanisifu — ati leo nimekuwa mtu. Nina miaka hamsini na moja!

Ijumaa, 5 Septemba

Sijui niandike vipi.

Nilivuka kufyeka njia ili mama asijikwae. Nikakuta mzee wa Kiorma ameketi kando ya tuta, fimbo magotini. Mkono wangu ukakaza panga. Ile miaka ya sisi Wapokomo na Waorma kuchomeana nyumba haijatutoka mikononi. Lakini yeye ndiye aliyenisalimia kwanza. Jina lake Dadacha.

"Wewe ndiyo nafagia hapa?"

Nikasema ndiyo, mzee.

"Mungu akuweke. Hapa iko bibi yangu. Mtoto tumboni. Miaka thelathini mimi naweka miiba, fisi isiguse. Mpokomo kunisaidia, wewe ya kwanza."

Nikahisi jua limenishukia kichwani. Nikamuuliza makaburi ya watu wetu yako wapi. Akanyoosha fimbo — katikati ya mto, penye maji ya kahawia. Anasema zamani mto ulipita kule mbali, kwenye bonde lile kavu. Yeye alikuwa akichunga ndama mafuriko yalipoleta mto huku. Ukingo ulianguka na makaburi yote. Aliona mbao zikielea kuelekea Kipini, baharini.

Akanipa pole, kama vile yeye ndiye aliyeuhamisha mto. Kisha akauliza hii njia ni ya nini.

Nikasema ya shamba. Na mdomo wangu wote huu!

Jumamosi, 6 Septemba. Saa mbili asubuhi

Wameshateremka mtoni. Mama kajifunga kitambaa cheupe, kakataa kushikwa mkono. Wanaimba. Msalaba umelazwa ndani ya mtumbwi. Nimewaambia nimesahau kofia, ndiyo niko hapa mlangoni naandika. Kofia iko kichwani.

Nikisema, namzika babu mara ya pili mbele ya mama, na moyo ule. Nisiposema, tunamchomekea mke wa Dadacha msalaba kifuani. Mwislamu. Na mumewe akitutazama.

Na yuko! Naona kikoi chake ng'ambo. Anatupungia mkono, masikini, anadhani tumekuja kumsaidia kufagia. Mama naye anampungia. Loise anapiga kelele, wewe Jasper, kofia gani hiyo, mtumbwi unangoja!

Bahati gani. Ile miiba Jumanne ilikuwa mibichi, ina majani. Niliiona. Nani angemwekea babu yangu miiba mibichi? Nilijua papo hapo, nikafagia hivyo hivyo.

Sikumpata babu.